Kicheko cha Sekunde Kumi

Kaeni, kaeni. Leo hatuanzi na somo. Na nyie wa kwaya, hizo simu wala msizizime, maana ninayotaka kusema yanazihusu hizo hizo, na ya kwangu ninayo hapa mfukoni. Nina mfano. Tangu Jumatano nimeuandika mara tatu, na mara tatu nimechana karatasi. Kwa hiyo mnivumilie, nitausimulia hivyo hivyo unavyokuja.

Kulikuwa na mjane mmoja. Si mjane wa miaka, ni mjane wa siku tatu. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Asubuhi moja alianguka akiwa kazini, wakamkimbiza hospitali, hakurudi. Yule mama tangu aletewe habari hakula, hakusema, na kibaya zaidi hakulia. Alikaa kwenye mkeka anaangalia ukuta. Nyie akina mama mnaojua misiba, mjane asiyelia mnamwogopa, si kweli? Mnaanza kumwekea mtu wa kumshika mkono hata akienda msalani.

Sasa, marehemu alikuwa na watani. Kabila gani sitaji, maana nikitaja hapa mtaanza kutaniana wenyewe kwa wenyewe na ibada itatushinda. Ila kwa watoto waliozaliwa mjini nieleze. Mtani msibani ndiye mtu pekee mwenye ruhusa ya kufanya mzaha mbele ya maiti. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza sauti yake, analizuia jeneza lisitoke mpaka apewe soda. Na hakuna anayenuna. Watu wazima wanajua kwamba ile ni dawa, na dawa ile anaitoa mtani tu.

Basi siku ya maziko, jeneza liko pale chini ya turubai, mjane kaketishwa pembeni yake, macho bado kwenye ukuta wa nyumba, akaingia mtani mmoja, mwanamke wa makamo. Kavaa koti la marehemu. Futi ya kupimia nguo ameitundika shingoni. Miwani ameipandisha juu ya paji la uso. Akaanza kupekua kila mahali, chini ya mkeka, kwenye kapu la sahani, mpaka mfukoni mwa mwinjilisti, huku anafoka kwa sauti ile ile ya fundi:

"Mama Watoto! Miwani yangu umeiweka wapi? Kila siku mnanifichia miwani humu ndani! Mteja amesimama pale nje hana suruali!"

Watu wakaanza kuvunjika mbavu, maana marehemu alikuwa hivyo hivyo, kila siku ya Mungu. Na yule mjane akageuza uso kutoka ukutani. Akamtazama mtani. Akafungua mdomo, mara ya kwanza baada ya siku tatu, akamjibu kama alivyozoea kumjibu mumewe:

"Si hiyo hapo kichwani, Baba."

Halafu akacheka. Jamani, alicheka! Alicheka mpaka akalishika jeneza kwa mikono miwili asianguke. Na kicheko kile hakikukaa hata dakika, kikageuka kilio, machozi ya siku tatu yote yakatoka kwa pamoja. Akina mama wakamkumbatia, wengine wanasema, "Asante Mungu, amelia, amelia." Baada ya pale akaomba uji, akanywa kikombe kizima. Mtani akavua koti, akalikunja vizuri, akaenda kukaa jikoni na wenzake.

Mpaka hapo kuna ubaya wowote? Nauliza, maana nataka mshike vizuri kitu chenyewe kilivyokuwa kabla hakijaguswa na mtu.

Haya. Marehemu alikuwa na mdogo wake, yaani shemeji wa huyu mjane. Mtu mzima mwenye familia, si mtoto. Mama yao mzazi alikuwa anaishi mkoa mwingine, mguu unamsumbua, hakuweza kusafiri kuja kumzika mwanawe. Kwa hiyo shemeji alishika simu yake akarekodi msiba, ili siku akienda nyumbani amwonyeshe mama. Nia njema kabisa. Alirekodi dakika saba: mtani akiingia, mjane akijibu, kicheko, kilio, uji na yote.

Ila shemeji huyu alikuwa na ugonjwa wake mwingine. Alikuwa anapenda kutazamwa. Kulikuwa na mitandao miwili ya video fupi. Majina yao vijana mnayajua kuliko mnavyoyajua majina ya mitume, kwa hiyo mimi nitaiita Mwekundu na Kijani. Mwekundu ndiye mkongwe. Kijani alikuja juzi juzi, na alikuja na njaa. Mwekundu anakubali video ya sekunde arobaini, Kijani akasema kwangu ni kumi, watu hawana subira. Mwekundu anapiga muhuri wake, alama ndogo, pembeni ya kila video inayopitia kwake. Kijani naye akatangaza: video yoyote yenye muhuri wa Mwekundu, mimi siipeleki kwa mtu, inakufa hapo hapo. Wanagombania watu bwana! Na shemeji alikuwa na ukurasa kwa wote wawili, huku jina la utani, na kule jina la utani lile lile.

Baada ya msiba akakata sekunde arobaini kutoka kwenye zile dakika saba, akaweka kwa Mwekundu. Mtani anaonekana, koti linaonekana, sauti inasikika, waombolezaji wote wanacheka. Simu yake ilikuwa imejaa, unajua simu zetu hizi, kila saa inakwambia nafasi hakuna. Akafuta ile ndefu. Akasema moyoni, si nimeshaiweka kule.

Ile ya sekunde arobaini ikaangaliwa na watu mia mbili na kumi, basi. Akaumia. Akaamua aijaribu kwa Kijani. Akaichukua kutoka kwa Mwekundu, lakini si ina muhuri? Muhuri wenyewe ulikuwa upande wa kushoto, chini. Akafanya wanavyofanya wote wa kazi hiyo, akaukata upande ule wa kushoto utoke.

Na upande wa kushoto ndipo aliposimama mtani.

Mnaelewa? Hakuwa na chuki na shemeji yake hata chembe. Alikuwa anaondoa muhuri tu. Kijani anapenda pia sauti zake mwenyewe, basi akaondoa sauti ya msiba akaweka kipande cha muziki kilichokuwa kinavuma wiki ile. Akabakiza sekunde kumi. Sasa hebu niambieni, kimebaki nini? Amebaki mwanamke peke yake, kashika jeneza lenye picha ya mumewe, anacheka, na muziki unapiga.

Kwa siku mbili waliiangalia watu laki nne. Wengine wakaichukua wakaandika maneno yao juu: "Mjane ashangilia." "Ameshamaliza kazi." Mwekundu kuona Kijani anapata watu namna ile, naye hakukubali kuachwa, akawa anazisukuma nakala zile zile mbele ya kila mtu anayefungua simu. Ile ya sekunde arobaini, yenye ukweli, ilikuwa bado iko kwake, hajaifuta mtu. Haikusukumwa.

Shemeji aliona yote. Akafuta yake, lakini nakala zilikuwa zimeshafika kwa watu. Na hakusema kitu. Angesema, angelazimika kusema kwamba mkono uliokata ni wa kwake.

Sasa njooni kwa yule mama mzazi, mgonjwa wa mguu. Ana simu ya tochi, hana mtandao wala nini. Jirani mmoja, mtu mwema tu, alikwenda kumjulia hali, na katika kumchangamsha mgonjwa akatoa simu: "Mama, njoo uone dunia ilipofikia." Jirani hakujua ni nani yule. Mama alimjua. Aliiona picha ya mwanawe juu ya jeneza, akamwona mkwe wake, aliyekuwa anamwita binti yangu kwa sababu hana binti, anacheka. Alisema tu, "Irudishe simu yako, macho yananiuma."

Mwezi mmoja baadaye mjane akasafiri kumwona mkwe wake. Mjane mwenyewe ni yatima, mnielewe hapo. Katika dunia hii, mtu aliyebaki wa kumwita mama alikuwa huyo mmoja. Amebeba mchele, amebeba kitenge, amebeba na koti la marehemu, maana alijua mama atataka kuligusa. Akapiga hodi.

"Mama, ni mimi mkweo."

"Mkwe wangu yupi?"

"Mama, ni mimi. Nimekuja tulie wote."

"Wewe nimeshakuona ulivyolia. Dunia nzima imekuona. Rudi ulikotoka, usinikanyagie mlango wangu."

Alieleza mambo ya mtani, ya miwani, maneno yanagongana mdomoni kwa kilio. Mama akamwambia, "Mtani yuko wapi? Mimi sikumwona mtani." Na kweli, alikuwa hajamwona. Mlango ukafungwa.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Basi la kurudi lilikuwa Jumapili mchana. Akapata chumba cha wageni karibu na stendi, na asubuhi akasikia kengele ya kanisa. Akasema ngoja niende nikae hata nusu saa kwenye nyumba ya Mungu. Akajifunga kitenge chake cheusi, akaingia, akakaa benchi la mwisho. Hakuna anayemjua, hamjui mtu.

Siku hiyo mhubiri wa kanisa lile alikuwa anahubiri juu ya ndoa. Na mhubiri yule naye alikuwa ameiona ile video. Akataka watu wachangamke kidogo, si mnajua ibada ya kwanza watu wanasinzia? Akasema: "Mmemwona yule mwanamke wa kwenye simu, anayecheka mbele ya jeneza la mumewe? Siku hizi, wanaume wenzangu, tunalala na watu wanaotungojea tufe!" Kanisa likacheka. Wengine wakapiga makofi. Mhubiri alipoona imeshika, akaongeza, akaigiza kicheko chenyewe, ameshika mimbari kwa mikono miwili.

Yule mama wa benchi la mwisho akasimama, akatoka. Mhubiri akamwona anatoka. Mnajua alisemaje? Alisema kwenye kipaza sauti: "Eeh, wengine Neno linawachoma!"

Na watu wakaitikia amina.

Haya, nyie ndio wasikilizaji. Naomba mniambie. Mhubiri yule afanywe nini? Semeni, msiogope. Mzee hapo mbele unasemaje? Avuliwe joho. Na wewe mama? Amtafute, apige magoti. Sawa. Mwingine? Asisimame tena madhabahuni mpaka huyo mama aseme mwenyewe. Haya, nashukuru, mmehukumu vizuri.

Ilikuwa Jumapili ya pili ya mwezi wa tano, ibada ya kwanza, na mimbari ni hii niliyoishika. Naona wengine tayari mmeinamisha vichwa, mlishajua tangu kwenye jeneza. Mimi sina pa kuinamia. Mhubiri ni mimi.

Na makofi mlipiga nyie.

Subirini, bado. Jumanne iliyopita alikuja ofisini kwangu mwanamke wa makamo, amesafiri siku nzima, miguu imejaa vumbi. Nikamkaribisha kiti, akakataa. Nikamuuliza, "Mama, nikusaidie nini?"

Akasema, "Mchungaji, mimi ndiye niliyekatwa."

Sikumwelewa. Ndipo akanisimulia hayo yote niliyowasimulia. Shemeji alikuwa amemwangukia yeye, akaungama kila kitu, maana kwa mtani mtu anaweza kusema jambo asiloweza kuliambia ukoo. Na mjane alikuwa amemweleza safari yake yote, mpaka kanisa lenyewe, mpaka rangi ya mapazia. Nikajaribu kujitetea. Nikasema, mama, mimi sikujua kama yumo ndani. Akaniangalia. "Kwa hiyo asingekuwemo ingekuwa sawa?"

Mnijibie nyie.

Kisha akasema nimpeleke kwa mama wa marehemu. Na mama wa marehemu ni nani? Ni mama yetu wa mtaa wa pili hapo, anayeletwa na bajaji siku za meza ya Bwana. Amekaa na aibu ile miezi yote bila kutuambia, na sisi tunakwenda kumwombea mguu! Tukakaa naye. Mtani akaeleza kwa utulivu, kitu kimoja kimoja. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu hakumgeukia mtani, alinigeukia mimi.

"Mchungaji, na wewe uliiona?"

"Niliiona, mama."

"Ukaamini?"

"Niliamini."

"Mimi ni mzee, sijui kusoma, simu yangu ni ya tochi. Wewe je?"

Jamani, niliona haya. Nimevaa kola ya kichungaji, nimeketi kwenye kiti chake kizuri, natamani ardhi ipasuke. Na nilikuwa na jingine la kumwambia, nikamwambia. Video ile niliituma mimi kwenye kundi la wazee wa kanisa. Nikaandika "Dunia imeisha", na vile vikatuni vya kulia. Mzee mmoja akaipeleka kwa akina mama. Na mmoja wa akina mama akaenda kumjulia hali mgonjwa. Yumo humu, simtaji, na wala hana kosa kunishinda mimi. Ilianzia kwenye kidole hiki.

Sasa ndugu zangu, tukitoka hapa tutaanza kusema Mwekundu mbaya, Kijani mbaya, shetani yumo kwenye simu. Tusikimbilie huko. Wale wawili wanagombana, ndiyo, na katika ugomvi wao mtu akakatwa akatupwa. Lakini wanamgombania nani? Wanatugombania sisi. Wanahesabu tu kidole chetu kimesimama wapi, na hicho kilichokisimamisha ndicho wanachotuletea tena. Ile ya sekunde arobaini ilikuwepo siku zote. Mtani alikuwemo, kilio kilikuwemo kinaanza, mtu yeyote angeitafuta angeiona. Mia mbili na kumi. Vidole vyetu viliipita. Vikasimama kwenye ile iliyotuonyesha mwanamke mbaya kuliko wake zetu, kuliko sisi wenyewe. Tulifurahi! Tuseme ukweli mbele za Mungu, tulifurahi kumpata mtu wa kumtemea mate kabla ya chai ya asubuhi. Na mimi niliyewekwa kuwalinda msifanye hivyo, niliwaigizia na kicheko chake.

Mimi ningeweza kuuliza. Swali moja tu, "Huyu anacheka nini?" Dakika mbili. Sikuuliza kwa sababu sikutaka jibu.

Namalizia. Jana asubuhi tulimpigia mjane. Simu ilikuwa yangu, sauti nimeifungua ili mama asikie, nimeishika karibu na mdomo wake. Mama akasema, "Mwanangu, nilidanganyika. Njoo." Kisha mjane akalia, mama naye akalia, wakalia wote walivyotaka kulia tangu mwanzo.

"Mama, wewe ulikuwa mgonjwa, ulionyeshwa tu. Sina neno na wewe. Jumamosi ijayo nitakuja."

"Utalala?"

"Nitalala, mama. Nitakukanda na huo mguu."

Mama akafurahi, akasema, "Basi Jumapili tutakwenda wote kanisani, bajaji inakuja kunichukua."

Mjane hakujua kwamba nipo. Akasema taratibu, kwa heshima kabisa, "Mama, hapo utanisamehe. Nitakuogesha, nitakuvalisha, nitakupandisha kwenye bajaji. Mimi nitabaki nyumbani."

Nilikuwa nimeshika simu. Sikuthubutu hata kukohoa.

Kwa hiyo Jumapili ijayo, tutakapokuwa tunaimba humu, mtaa wa pili hapo kutakuwa na mwanamke amekaa peke yake, anatusikia, na anatuogopa. Jumamosi nitakwenda kumpokea stendi, kama atakubali kunitazama. Anayetaka twende wote aje, ila aje bila simu. Leo sina baraka ya kuwapa. Mzee wa kanisa, njoo hapa mbele uniombee mimi kwanza, halafu uwaombee na hawa.